Mama, Mimba na Watu Wanaomzunguka: Utangulizi

Msimu wa mavuno, mjamzito wa Unyakyusa ya zamani hakujiendea tu kwenye shamba la watu na kuanza maongezi. Iliaminika kwamba aliyemo tumboni ana njaa isiyo kifani, kinywa wazi muda wote, na kwamba nafaka ikikaribiwa naye hupungua. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba alipowakuta wenzake wanavuna au wanapika pombe, alitakiwa kwanza aonyeshe kwa ishara kwamba amekuja kwa nia njema, ndipo aseme nao. Habari hizi zimo katika *Rituals of Kinship among the Nyakyusa*, kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1957, ingawa yeye na mumewe Godfrey walizikusanya miaka ya 1934 hadi 1938. Baadaye, mwaka 1966, Mary Douglas aliuchukua mfano huo na kuuweka katika *Purity and Danger*, na tangu hapo wanafunzi wa anthropolojia duniani kote wanamjua mjamzito wa Kinyakyusa hata kama hawawezi kuonyesha kwao Kyela iko wapi kwenye ramani.

Naanza na mwiko huo kwa sababu anayefungua kwa mara ya kwanza maandiko ya sayansi kuhusu hisia za mama na mtoto aliye tumboni aghalabu hudhani anaingia ugenini. Msomaji wa Kyela, Ipinda au Matema hana sababu ya kujiona mgeni. Kwamba mimba ni jambo la watu wengi, na kwamba kilichojificha moyoni mwa mtu mmoja kinaweza kuugusa mwili wa mwingine, ni mawazo yaliyokuwapo huku kabla ya zahanati. Wazee waliozungumza na akina Wilson walishikilia kwamba ugomvi wa ndugu ukifichwa huleta maradhi, na kwamba matambiko hayafai kitu mpaka wenye kinyongo wakitamke mbele ya wenzao. Kilichogeuka ni upande wa kutazamia. Mila ilihofia kitakachotoka tumboni kikawadhuru walio nje, wakati taaluma ninayowakaribisha inauliza ni kitu gani cha nje kinachopenya mpaka ndani.

Jibu langu nalisema mapema ili nisimchoshe mtu. Tukimkazia macho mama peke yake, tunakosea shabaha. Hisia zake ni njia tu, na wanaopita humo ni wengine: deni, mume, mama mkwe, mafuriko, njaa ya mwezi wa pili, maneno ya nesi. Kitabu chochote kinachomwambia mjamzito "usiwe na mawazo" kisha kikanyamaza kuhusu wanaompa hayo mawazo, kimefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Hofu nayo itolewe njiani mapema. Mama aliyelia msibani, aliyerushiana maneno na wifi, aliyekesha kwa wasiwasi kwa sababu mwanawe mkubwa ana homa, hajamdhuru mtoto aliye tumboni. Taaluma hii inashughulika na jambo zito zaidi: wasiwasi usiokatika kwa wiki nyingi, sonona inayomfanya mtu asione sababu ya kuamka, kipigo, woga wa kuishi na mtu asiyetabirika. Na hata hapo takwimu zisomwe kwa utulivu. Utafiti unaotajwa kuliko mwingine wowote ulifanyika Bristol, Uingereza, kwa akina mama waliojifungua mwaka 1991 na 1992. Thomas O'Connor, Vivette Glover na wenzao waliripoti mwaka 2002 kwamba watoto wa wanawake waliokuwa na wasiwasi mkubwa kuliko wengine mwishoni mwa ujauzito walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata matatizo ya tabia na hisia walipofika miaka 4. Mara mbili inatisha. Lakini Glover mwenyewe hueleza kwamba maana yake ni kutoka watoto kama 6 katika 100 hadi kama 12. Wale 88 waliobaki hawakuwa na tatizo hilo, na mama zao walikuwa na wasiwasi uleule.

Sasa tuingie mwilini. Mtu akitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga kotisoli, homoni inayoamuru sukari ipande kwenye damu na kazi zisizo za dharura zisubiri. Wengi hudhani kotisoli ni sumu, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huandika hivyo kila mara. Si sumu. Bila homoni za jamii hiyo mapafu ya mtoto hayakomai. Graham Liggins wa New Zealand alilionyesha hilo kwa kondoo, kisha mwaka 1972, yeye na Ross Howie, kwa wanawake. Ndiyo asili ya sindano anayochomwa mama wa Kitanzania anayekaribia kujifungua mtoto njiti. Kotisoli ya mama hupanda yenyewe mimba inapokua, na ni sawa ipande. Swali ni kiasi gani kinavuka kwenda kwa mtoto, na lini.

Mlinzi wa mpaka huo ni kondo la nyuma. Ukiwahi kusimama kwenye chumba cha kujifungulia baada ya mtoto kulia, utamwona mkunga akiliweka kwenye beseni, analigeuza upande uliokuwa umeshikana na mfuko wa uzazi, anapitisha vidole kwenye vipande vyake kimoja kimoja kuona kama kuna kilichobaki ndani. Lina uzito wa kama nusu kilo, jekundu lililokolea, na upande wa pili linang'aa, mishipa imetawanyika kutoka kwenye kitovu. Watu hulifukia na kulisahau. Lakini kwa miezi yote ile lilikuwa na kimeng'enya ambacho huivunja nguvu sehemu kubwa ya kotisoli ya mama na kuigeuza kuwa kotisoni, isiyo na makali. Watafiti wa London wa kundi la Glover walipima makondo ya wanawake waliojifungua kwa upasuaji uliopangwa, wakakuta kwamba waliokuwa na wasiwasi mwingi kabla ya kujifungua walikuwa na kiwango kidogo cha kimeng'enya hicho. Yaani wasiwasi haupandishi homoni tu. Unaweza pia kumlegeza bawabu.

Kuna njia nyingine zisizohitaji maabara kuzieleza. Mwenye sonona hula kidogo, hulala vibaya, huahirisha kliniki, husahau vidonge vya kuongeza damu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Nancy Grote na wenzake mwaka 2010 ulihusisha sonona ya ujauzito na kujifungua kabla ya wakati na watoto wenye uzito pungufu. Uhusiano huo wa uzito pungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika nchi maskini. Hilo halishangazi. Mwanamke mwenye akiba anaweza kupoteza hamu ya chakula kwa mwezi mzima na bado friji ikawa na kitu.

Elimu hii ilianzaje? Sehemu kubwa ya msingi wake ni madaftari ya wakunga. Mwaka 1911, katika mkoa wa Hertfordshire, Uingereza, Ethel Margaret Burnside alisimamia wakunga na wauguzi walioandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa na hali yake alipofika mwaka mmoja. Miaka mingi baadaye David Barker na wenzake waliyafukua madaftari hayo, wakawatafuta waliokuwa watoto, na kukuta kwamba wanaume waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo wataalamu wakakubali kufikiria kwamba miezi tisa ya tumboni huacha alama ya miaka sitini. Nawasimulia hili wauguzi hasa, wale wanaojaza vitabu vya takwimu vya MTUHA jioni mkono umechoka na kujiuliza nani atavisoma.

Hatua iliyofuata ilitaka msiba usiochagua mtu. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme za Québec, Canada, na mamilioni ya watu wakakaa gizani kwenye baridi, wengine kwa wiki kadhaa. Suzanne King aliwafuatilia wanawake waliokuwa wajawazito wakati huo. Watoto wa waliopata taabu kubwa walikuwa nyuma kidogo kwa maneno na uelewa walipofika miaka 2. Jambo lililonifanya niurudie utafiti huo mara nyingi ni kwamba kilichotabiri lugha ya mtoto ilikuwa taabu yenyewe, siku za giza na hasara ya nyumba, kuliko jinsi mama alivyosema ameumia. Mwanamke anaweza kusema "mimi sijambo" na mwili ukawa na habari nyingine.

Mtu wa Kyela atakuwa ameshaona ninakoelekea. Huku hakuna barafu, kuna masika. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani ikiwa imejaa, na uwanda unaopendwa na mpunga ndio huohuo unaopendwa na maji. Mwaka wa mafuriko, mjamzito wa miezi saba anahesabu mambo ambayo hayamo kwenye dodoso lolote la Bristol: mpunga umezama au umepona, choo kimebomoka au la, na siku ya uchungu pikipiki itapita wapi.

Mafuriko angalau huonekana. Deni halionekani. Kyela ni nchi ya kokoa, na familia yenye shida ya ghafla huuza kokoa kwa njuti, yaani kabla haijawa tayari, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita biashara hiyo na kuweka mnada wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika, lakini shida ya usiku mmoja haisubiri mnada. Mwanamke anayejua kwamba hela ya vifaa vya kujifungulia imeshaliwa kwenye njuti hahitaji kuelezwa maana ya msongo.

Ongeza kliniki yenyewe. Hudhurio la kwanza lina kipimo cha VVU, na Mbeya si mkoa wa kulichukulia hilo kwa wepesi: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 9.3 kwa watu wazima, karibu mara mbili ya wastani wa nchi. Tangu mwaka 2013 Tanzania humpa kila mjamzito aliyeambukizwa dawa za maisha yake yote, na watoto wengi wameokoka kwa sababu hiyo. Lakini mwanamke huyo anapokea majibu asubuhi, na jioni anarudi kwenye nyumba ambayo lazima aamue amwambie nani. Waliosomea Dar es Salaam wanalijua jina la Sylvia Kaaya wa Muhimbili, ambaye pamoja na wenzake aliipima orodha ya maswali ya dalili kwa wajawazito wanaoishi na VVU na kuithibitisha kwa Kiswahili. Kazi yao nyingine ya Dar es Salaam, ya mwaka 2010, ilikuta dalili za sonona kwa karibu wanne katika kila wajawazito kumi, na miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni ugomvi na mwenza.

Hapo mgeni wa taaluma hukwama, maana akisoma kazi ya Robert Stewart kutoka Mangochi, kusini kabisa mwa ziwa letu la Nyasa upande wa Malawi, atakuta sonona kamili kwa karibu mmoja tu katika kila kumi. Je, wa Dar es Salaam wana huzuni mara nne ya wa Mangochi? La. Orodha ya dalili huvua kila aliyechoka, asiyelala na mwenye mawazo, wakati mahojiano ya kidaktari hubakiza waliotimiza masharti ya ugonjwa. Kwa hiyo ukikutana na asilimia yoyote, uliza kwanza ilipimwa kwa chombo gani. Mapitio ya Jane Fisher na wenzake, yaliyotoka kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2012, yaliziweka pamoja tafiti za nchi za kipato cha chini na cha kati-chini, yakakuta matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, kwa kama asilimia 16 wakati wa ujauzito na 20 baada ya kujifungua. Hizo ndizo ninazotumia ninaposhikwa koo na mwandishi wa habari.

Chombo mashuhuri kuliko vyote, maswali 10 ya Edinburgh ya mwaka 1987, kina damu ya Afrika Mashariki. John Cox, mmoja wa waliokiunda, alikuwa amefanya kazi Uganda miaka ya 1970 na kuchapisha mwaka 1979 utafiti wa wajawazito 263 wa maeneo ya vijijini karibu na Kampala. Kabla ya hapo wapo waliodhani sonona ya uzazi ni maradhi ya wanawake wa Ulaya walio wapweke, kwamba Mwafrika amezungukwa na ndugu kwa hiyo hapatwi. Cox aliwakuta wamepatwa. Wazo la "sisi tuna ndugu" bado ninalisikia kwenye semina, na huwa nalijibu kwa swali: ndugu gani? Kuna ndugu wanaobeba ndoo ya maji, na kuna ndugu wanaohesabu umeoga saa ngapi. Katika mila ya Kinyakyusa mkamwana alitakiwa amwepuke kabisa baba mkwe wake, hata kukutana naye njiani. Leo wengi wamelegeza, lakini mwanamke kijana aliyeolewa mbali na kwao bado anaweza kuishi kati ya watu kumi na asiwe na wa kumwambia kwamba amechoka.

Na kuna mwenza. Kama ningeruhusiwa kuonyesha jambo moja tu la Tanzania, ningeonyesha Moshi. Watafiti waliwafuatilia wajawazito zaidi ya elfu moja hadi kujifungua na baadaye. Waliopigwa na wenza wao wakati wa ujauzito walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kujifungua kabla ya wakati na kupata mtoto mwenye uzito pungufu, na waliofanyiwa ukatili walikuwa na sonona zaidi baada ya uzazi. Mtu akisoma hayo kisha akaandika makala ya kumfundisha mama kuvuta pumzi taratibu, sijui niseme nini.

Nisiifiche sehemu inayobishaniwa. Huko Goma, Connie Mulligan na wenzake walichukua damu ya mama 25 na watoto wao wachanga, wanawake waliopitia vita na unyimwaji. Taarifa yao ya mwaka 2012 ilisema kwamba kadiri mama alivyoteseka ndivyo mtoto alivyozaliwa mdogo, na ndivyo alama za kikemikali zilivyoonekana kwenye jeni ya mtoto inayohusika na kuipokea kotisoli. Ndiyo epijenetiki: maandishi ya jeni hayabadiliki, hubadilika jinsi yanavyosomwa. Ni kazi ya maana, lakini 25 ni wachache, na magazeti yaliirukia kana kwamba vita imethibitishwa kuandikwa kwenye damu milele. Msomaji mpya aiweke kwenye rafu ya "inawezekana sana", si ya "imeshajulikana".

Kwa pwani yetu ya ziwa kuna mtego mwingine. Malaria na upungufu wa damu huchosha, huondoa hamu ya kula, huvuruga usingizi. Sonona pia. Ukimpa mjamzito mwenye wekundu wa damu wa 8 dodoso la dalili, atapata alama za juu kabla hujamuuliza habari za moyo. Ndiyo sababu anayetaka kufanya utafiti Kyela asitenganishe kidole cha kupimia damu na maswali. Vinakwenda pamoja.

Je, kuna tiba? Ndiyo, tena isiyo ghali. Vijijini Rawalpindi, Pakistani, Atif Rahman aliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida wasio madaktari, kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa mpangilio maalumu kuhusu afya yao, mtoto, na watu waliomo nyumbani. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 bado walikuwa na sonona, dhidi ya 53 kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Uzito na kimo cha watoto havikutofautiana sana, na taarifa ya mwaka 2008 inalisema hilo wazi, lakini waliharisha mara chache zaidi, walikamilisha chanjo zaidi, na wazazi wote wawili, baba naye akiwemo, walicheza nao zaidi. Harare nako, tangu mwaka 2006, Dixon Chibanda amewatumia mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Benchi la kliniki tunalo. Mabibi tunao.

Tazama basi jinsi hudhurio la kawaida linavyokwenda. Mizani, presha, utepe wa kupima kimo cha mimba, kadi. Mama analala kitandani, mkunga anaweka kifaa cha kusikilizia chenye umbo la tarumbeta ndogo juu ya tumbo na kutega sikio, huku vidole vya mkono mwingine vimeshika mapigo ya mkono wa mama. Anafanya hivyo ili asiyachanganye mapigo ya wawili: ya mtoto yanakimbia zaidi ya 110 kwa dakika, ya mama ni ya polepole. "Mtoto anacheza, mama?" "Anacheza." "Haya, shuka polepole." Hapo, wakati mama anajifunga kanga, kuna nafasi ya maswali mawili ambayo Mary Whooley na wenzake waliyachapisha mwaka 1997 kwa wagonjwa wa kawaida: mwezi huu umekuwa ukijisikia mnyonge na kukata tamaa? Umekosa raha na mambo uliyokuwa unayapenda? Hayachukui hata dakika moja.

Ugumu ni pale anapojibu ndiyo. Presha ikipanda, kila nesi anajua cha kufanya: anajua dalili za kifafa cha mimba, anajua gari linaitwa vipi, na anajua rufaa inakwenda hospitali ya wilaya au Matema, ikishindikana Mbeya. Kwa mama aliyesema ndiyo kwa maswali yale, ni nani anayepigiwa simu? Nani anakwenda nyumbani, na akikuta tatizo ni mume, anazungumza naye kwa idhini ya nani? Zahanati yenye nesi mmoja na akina mama arobaini asubuhi moja inaanzia wapi? Kurasa zinazofuata zinayachukua maswali hayo kwa zamu, kuanzia la mume.